Fundi Anajibu: Kompyuta inagoma asubuhi

SWALI: Shikamoo fundi. Nina duka la steshenari hapa Mwanga, Kigoma. Asubuhi kompyuta ya mezani haiwaki: feni inazunguka kidogo, inazima. Nikibonyeza mara kadhaa inakubali, kisha inapiga kazi mpaka jioni. Saa nayo inarudi nyuma. Nimeambiwa ninunue madabodi mpya, ile bodi kuu ya ndani.

JIBU: Marahaba mama. Hiyo hela ya madabodi ishike kwanza. Mashine inayogoma ikiwa baridi na kutulia ikishapata joto, mimi naanza kuishuku pawasaplai, kile kisanduku cha ndani kinachogawa umeme. Kapasita zake, yaani vifaa vidogo vinavyotunza umeme, zikichoka, umeme hautulii pale mwanzoni.

Leo ikiwaka, nakili kazi za wateja kwenye flashi kabla ya lolote. Halafu zima, chomoa waya ukutani, fungua ubavu wa kasha. Tazama kapasita za kwenye madabodi, vile vikopo vidogo vilivyosimama. Vichwa vyake viwe bapa. Kilichofura au kutoa uchafu wa kahawia kimekufa, na fundi mwenye mkono mzuri hukibadilisha bila kubadili bodi. Kama vyote ni vizima, azima pawasaplai nyingine inayolingana ujaribu nayo asubuhi, mashine ikiwa baridi. Ya kwako usiifungue kabisa, tafadhali! Hubaki na umeme wa kuua hata ikiwa imechomolewa.

Saa ni jambo dogo: ni betri ya CR2032, ile bapa kama sarafu kwenye madabodi, volti 3. Badilisha tu.

Na umeme ukikatika, chomoa plagi. Ukirudi, uache utulie ndipo uchomeke.