Maswali ya Wasomaji: Kisima Kimeingia Chumvi

SWALI: Assalamu alaikum. Kisima chetu hapa Kisauni kilikuwa na maji matamu. Tumetia pampu ya kuzama, tukaanza kuwauzia watu wa mikokoteni. Tangu kaskazi maji yamegeuka chumvi, na majirani wanasema vyao pia vimeharibika. Tukichimba zaidi, tutapata matamu?
Msomaji, Kisauni

JIBU: Waalaikum salaam. Msichimbe. Mkizidi kushuka ndipo mnapoikaribia chumvi.

Mwamba wa matumbawe una matundu, na maji ya bahari yamepenya humo hadi chini ya nyumba zenu. Maji ya mvua ni mepesi zaidi, kwa hiyo hukaa juu yake. Kwa kawaida, kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari huwa na kama mita 40 nyingine za maji matamu chini ya usawa huo. Ndiyo maana pampu ikishusha maji kidogo tu huko juu, chumvi hupanda sana kutoka chini, tena hupanda pale pale pampu inapovuta. Zamani ndoo na kamba vilikuwa na kiasi chake: mkono ukichoka, kisima hupumzika.

Simamisheni mauzo mpaka masika yajaze ardhi. Kuuza maji si dhambi, lakini yaliyo chini ya kiwanja chenu ndiyo hayo hayo anayoteka jirani, na hasara ameshaiona. Tena kuvuta maji ya biashara kunahitaji kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji, kwa Sheria ya Maji ya Kenya ya 2016.

Kwa matumizi ya nyumbani, inueni pampu ikae mita 1 hivi chini ya uso wa maji. Punguzeni koki ya paipu ya kutolea, mvute nusu saa asubuhi na nusu saa jioni, maji yaingie tangini. Teremsheni kamba yenye alama kabla na baada ya kuvuta: yakishuka zaidi ya shibiri moja, punguzeni tena. Pampu isivute hewa, itaungua. Na kuchemsha hakutoi chumvi. Mvuke hutoka, chumvi hubaki.

SWALI: Nataka kuvuna mvua, ila kunguru wamejaa kwenye mabati yangu. Yatanyweka?
Msomaji, Majengo

JIBU: Yatanyweka, maadamu maji ya kwanza hayaingii tangini. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa la mita 40 za mraba, mvua ya milimita 30, ni lita 1,200; ukitoa yanayopotea, utapata karibu lita 1,000. Lita 20 za mwanzo hubeba kinyesi, vumbi na chumvi ya upepo wa bahari. Kabla ya tangi, simamisha paipu ya inchi 4, urefu wa mita 2.5; mita moja hubeba lita 8 hivi. Ikijaa, maji safi hupita juu kuelekea tangini. Chini weka kifuniko cha kufungua chenye tundu dogo la kudondosha. Wengi hukigundisha kwa gundi, matope yakajaa, na mvua ya pili ikapeleka uchafu wote tangini.

Tangi lisipitishe mwanga, na kila mdomo uwe na wavu mwembamba, kwani mbu wa dengi hutaga kwenye maji kama hayo. Ya kunywa yachemke kwa nguvu dakika 1. Yanayofurika yaelekeze kwenye shimo la kokoto, mbali na choo, yarudi ardhini kulisha visima vya mtaa.