Kabla hujanunua punje za kahawa, muulize mkaangaji maswali haya

Mkuu, umeuliza mambo mawili. Katika jiji kubwa lenye wakaangaji wengi wa kahawa maalumu, yaani ile ya ubora wa juu, utamjuaje wa kumwamini? Na kwa nini kahawa uliyochotewa kwenye lile duka zuri, lenye madumu ya kioo ukuta mzima, ukiipika nyumbani inakuwa chungu na haina harufu? Naanza na la pili, kwa sababu ndilo lililonifundisha la kwanza.

Nami nilianzia kwenye duka la namna hiyo. Lilikuwa na madumu zaidi ya ishirini, kila moja limebandikwa jina la nchi: Ethiopia, Kenya, Guatemala, Brazili, Sumatra. Nilikuwa nachotewa robo kilo ya hii na robo ya ile, na nikifika nyumbani zote ladha moja. Nikaamini kosa ni langu. Nikabadilisha kinu, nikabadilisha maji, nikanunua mizani inayosoma hadi sehemu ya kumi ya gramu. Kinu kilisaidia kidogo. Ilipita karibu miezi minane ndipo nikamuuliza muuzaji swali nililotakiwa kuuliza siku ya kwanza: hii imekaangwa lini? Akalitazama dumu, akamtazama mwenzake, kisha akanijibu kwamba mzigo ule ni mpya. Nikamuuliza tena, mpya wa lini? Hakujua. Hakuna aliyejua pale dukani.

Punje ikitoka kwenye moto inakuwa imejaa gesi ya kaboni dayoksaidi, na harufu zake zimehifadhiwa ndani pamoja na mafuta yake. Siku zinavyokwenda gesi inatoka, hewa inaingia, harufu zinapotea na mafuta yanaanza kuvunda. Mwanga na joto vinaharakisha, na kila dumu likifunuliwa kumchotea mteja, hewa mpya inaingia. Sasa piga hesabu: duka lenye aina ishirini na tano linahitaji wateja wangapi ili kila dumu liishe ndani ya wiki tatu? Wachache sana wana wateja hao. Kwa hiyo kitu cha kwanza ninachokitazama siku hizi ni mzunguko. Duka lenye aina nne au tano zinazoisha na kukaangwa upya kila wiki nalipendelea kuliko lenye aina thelathini zinazopendeza macho.

Tarehe ninayoitaka kwenye mfuko ni ya siku ya kukaangwa. Tarehe ya mwisho wa matumizi hainisaidii kitu. Mkaangaji anaweza kujipa mwaka mzima, na kweli kahawa haitakudhuru ukiinywa mwezi wa kumi na moja, ila raha yake imekwisha zamani. Mfuko uwe wa kuziba vizuri, wenye ile vali ndogo inayotoa gesi nje bila kuingiza hewa ndani.

Lakini usikimbilie upande wa pili kama nilivyofanya mimi. Nilipogundua siri ya tarehe nilianza kuwavizia wakaangaji asubuhi, nichukue kahawa ambayo bado ina uvuguvugu. Nikaipika jioni ile ile. Ilifura na kutoa mapovu hadi maji yakashindwa kupenya vizuri kwenye unga, na kikombe kikawa na ukali wa ajabu uliofunika kila kitu. Nilisononeka, nikadhani nimeuziwa kahawa mbovu. Mfuko ule ule siku ya nane ulikuwa kitu kingine kabisa. Kwa kahawa ya kuchuja, mimi sasa nasubiri kama wiki moja. Kwa espreso, ile nzito inayokamuliwa kwa mashine, nasubiri hadi wiki mbili, hasa ikiwa imekaangwa kidogo. Baada ya hapo nina wiki tatu au nne nzuri. Ikibaki, naigawa kwenye vifuko vidogo, naziba na kuweka kwenye friza. Nikitoa kifuko sikirudishi.

Nije kwenye kumjua mkaangaji. Aliyenifumbua macho alikuwa na aina nne tu, na kabla sijanunua aliniwekea vikombe vinne mezani. Kila kikombe unga wa gramu nane na kidogo kwa mililita 150 za maji ya moto, bila chujio wala mapambo. Tukasubiri dakika nne, akanipa kijiko nivunje lile tabaka la juu huku pua yangu ikiwa karibu, tukaondoa povu, tukaacha vipoe kidogo, tukaanza kuonja. Dakika ishirini zile zilinifunza zaidi ya miezi minane ya madumu. Kimoja kilikuwa na uchachu kama wa zabibu mbichi, kingine kizito chenye utamu wa sukari guru. Na vyote vinne vilibadilika vilivyozidi kupoa. Kahawa iliyokaangwa vibaya hujificha kwenye joto, ikipoa inajifichua yenyewe. Tangu siku ile, duka linalokubali kunionjesha lina nafasi kubwa kwangu kuliko lenye jina kubwa.

Kuna mchangiaji mwingine kwenye mjadala huu ameandika kwamba kahawa maalumu ya kweli lazima iwe imekaangwa kidogo sana, rangi ya mdalasini, na ikizidi hapo imeharibiwa. Hapa sikubaliani naye hata kidogo. Nimekunywa nyingi za rangi hiyo zilizokuwa na ladha ya majani mabichi na karanga ambazo hazijaiva, kwa sababu moto haukufika katikati ya punje. Mkaangaji husikiliza mlio wa kwanza wa punje kupasuka, ambao huja joto likikaribia nyuzi 200, na uamuzi mkubwa uko kwenye dakika chache zinazofuata. Akitoa mapema mno unapata ugwadu mkavu usio na utamu. Akichelewa sana unapata moshi na majivu, na Yirgacheffe, kahawa ya Ethiopia inayosifika kwa harufu yake, haitofautiani tena na kahawa yoyote ile. Katikati hapo pana uwanja mpana, na wakaangaji wazuri wanatofautiana kwa haki kabisa. Jaribio langu ni rahisi: natafuna punje moja. Ikivunjika kwa urahisi na ikawa na utamu, naendelea. Ikiwa ngumu kama kokoto na ina ladha ya nafaka mbichi, naiacha. Naangalia pia kama kuna punje nyingi zilizopauka katikati ya nyingine. Hizo zilichumwa mbichi, na chache tu zinatosha kukiharibu kikombe.

Maandishi ya kwenye mfuko yanataka subira. AA, kwa mfano, watu wengi wanaichukulia kama alama ya ubora. AA ni ukubwa wa punje, zile zinazobaki juu ya chekeche la matundu makubwa. Nimewahi kunywa AB ya Kenya, yenye punje ndogo zaidi, iliyoizidi AA ya ushirika jirani, tena ya msimu ule ule. Ubora hupimwa kwa kuonja, na kwa kipimo kilichozoeleka cha alama 100, kahawa maalumu huanzia 80.

Vivyo hivyo Gesha, aina ya mbuni ambayo sasa kila mkaangaji anataka kuwa nayo kwenye rafu. Historia yake naipenda sana kwa sababu inapita kwetu Afrika Mashariki: mbegu zilikusanywa Ethiopia miaka ya 1930, zikapita kituo cha utafiti cha Lyamungu kule Kilimanjaro, zikafika Costa Rica mwaka 1953, kisha Panama. Huko zilikaa miaka mingi bila kujulikana, hadi mwaka 2004 shamba la Hacienda La Esmeralda lilipozitenga na kushinda mashindano ya nchi ile. Ni kahawa ya ajabu ikitunzwa, yenye harufu ya maua ya asumini. Lakini jina peke yake halitoshi. Ikipandwa mahali isipopapenda au ikikaangwa ovyo, utakuwa umelipia jina. Muulize muuzaji imelimwa mwinuko gani, nani kailima, imeoshwa au imekaushwa na ganda lake. Asipojua hata moja, chukua ile ya kawaida anayoijua vizuri.

Na umuulize msimu wa mavuno. Hili wanunuzi wengi hawalifikirii. Kenya huvuna zaidi Oktoba hadi Desemba, Ethiopia karibu na kipindi hicho, Brazili katikati ya mwaka. Buni ghafi, yaani punje ambazo hazijakaangwa, huvumilia miezi, lakini nayo huzeeka. Iliyokaa ghalani muda mrefu huanza kuwa na ladha ya karatasi au gunia. Kwa hiyo rafu ya mkaangaji makini hubadilika na majira, na wakati mwingine atakwambia Ethiopia imekwisha, subiri mzigo wa mavuno mapya. Mara ya kwanza kuambiwa hivyo nilikasirika, leo ni mojawapo ya mambo yanayonirudisha kwake.

Ningekushauri uchague wakaangaji wawili au watatu tu, ununue mfuko mdogo wa kila mmoja kutoka nchi moja na kwa aina moja ya usindikaji, kisha uzionje kahawa hizo pamoja mezani kwako kama nilivyoeleza. Ukipata anayekupendeza, kaa naye miezi kadhaa. Rudi umwambie ilitokaje, hata kama haikukufurahisha. Mmoja niliyemwambia kwamba kahawa yake ilikuwa imepooza, haina ladha, aliniomba tarehe ya mfuko, akafungua daftari lake, akaona siku ile mashine ilichelewa kushika moto. Akanipa mfuko mwingine. Naamini yeye alifurahi kuliko mimi.

Huenda pia unajiuliza kama wakusagie dukani. Ukiwa huna kinu, wakusagie, hakuna dhambi hapo. Waambie unapikia chombo gani, maana unga wa espreso hauwezi kupita vizuri kwenye chujio la karatasi. Chukua ya siku tano au sita tu, ukaifungie mbali na mwanga. Pesa ya kifaa ikipatikana, anza na kinu cha mkono chenye meno ya kusagia badala ya kile cha visu. Mizani na birika la mdomo mwembamba vinaweza kusubiri.