Kabla ya Kito, Angalia Mikono Yake

Pete ya kwanza ya kito niliyomnunulia mtu ilikuwa ya dada yangu mkubwa: fedha, na katikati feruzi moja ya buluu iliyokolea. Aliipenda mno, hakuivua. Na kosa langu lilikuwa hapohapo, maana dada ni mtu wa kufua, kukanda unga na kujipaka mafuta asubuhi na jioni. Mwaka haujaisha, buluu ikageuka kijani cha maji ya bwawa. Feruzi ina vitundu visivyoonekana kwa macho; hunywa mafuta na sabuni. Muuzaji hakuniambia, nami sikuuliza. Rangi ilishanipumbaza.

Siku hizi nikitaka kumpa mtu pete naanza na mikono yake. Inashinda ikifanya nini? Ugumu wa vito hupimwa kwa kipimo cha Mohs, 1 hadi 10. Almasi ni 10, yakuti 9, topazi 8, amethisti 7. Feruzi ni kati ya 5 na 6, lulu haifiki hata 5. Mpaka wangu ni 7, kwa sababu vumbi la kawaida huwa na chembe za mchanga wenye ugumu huohuo: ukifuta kito laini kwa kitambaa chenye vumbi, ni kama unakipiga msasa. Mtu wa kazi mpe amethisti kwenda juu (ila asiisahau juani, hupauka). Lulu na opali ni za yule anayevaa pete siku ya sherehe, kisha akairudisha kwenye kijaluba.

Angalia pia kito kimeshikwaje. Vikucha, yaani vile vijino vya fedha vinavyokibana kito, vinapendeza, lakini hunasa. Pitisha pete juu ya kitambaa chepesi. Ikivuta uzi, kuna kikucha kilichoinuka, na siku moja kito kitadondoka bila yeye kujua. Kwa mikono isiyotulia mimi huchagua kito kilichozungushiwa ukingo wa fedha pande zote.

Fedha yenyewe haina maneno mengi. Mhuri wa 925 kwa ndani maana yake sehemu 925 kati ya 1000 ni fedha, iliyobaki mara nyingi ni shaba, kwa kuwa fedha tupu ni laini mno. Lakini mhuri hata tapeli anaweza kuupiga, kwa hiyo mwombe sonara aandike kwenye risiti aina ya madini na jina la kito, na kama ni cha asili au cha kutengenezwa. Pete ikiingia weusi usikimbilie kusema umeuziwa bandia. Ni salfa ya hewani tu. Isugue kwa kitambaa laini.

Kipimo cha kidole ndicho huharibu siri ya zawadi. Mimi humtuma mtoto wa nyumbani aniletee pete anayoivaa mhusika kwenye kidole hichohicho, napima upana wa ndani kwa milimita, inarudi kabla haijatafutwa. Ukisitasita kati ya vipimo viwili chukua kikubwa, kwani vidole huvimba kwa joto, na kwa kawaida sonara hupunguza pete kwa urahisi kuliko kuiongeza.

Dada nilimpelekea nyingine, ya amethisti. Anaivaa mkono wa pili. Nilipomwambia ile ya feruzi aipumzishe kabatini, alinitazama kama nimemwomba kidole chenyewe.