Mauser 71 ya babu kuwa 308: angalia boliti kabla ya mtutu

Mkuu mtoa mada, umesema babu yenu aliacha bunduki ndefu kihambani Kibosho, inaingia risasi moja moja, ubavuni imechongwa I.G.Mod.71, na kuna fundi amekwambia akiifunga mtutu wa 308, aina ya risasi ya kisasa, utapata bunduki ya kisasa ya kuwindia. Nimefanya kazi miaka mingi karakana ya kampuni ya uwindaji hapa Arusha, chini ya fundi bunduki mwenye kibali, kwa hiyo nakujibu kwa niliyoyashika kwa mikono. Jibu ni hapana, si kwa bunduki hiyo. Fundi wako anauangalia mtutu, na mtutu ndiyo sehemu rahisi kuliko zote.

Kwanza ujue ulichonacho. Hiyo ni Mauser ya 1871, bunduki ya kwanza ya ndugu wa Mauser kuchukuliwa na jeshi la Ujerumani. Inatumia risasi nene ya milimita 11 iliyosukumwa na baruti nyeusi. Vita ilipofika huku 1914, askari wengi wa Mjerumani walikuwa bado wamebeba aina hii, na kila walipofyatua, wingu la moshi liliwaonyesha walipo. Baada ya mapigano ya Tanga, Novemba mwaka huo, ndipo baadhi ya kombania zikapata bunduki mpya zilizotekwa kwa Mwingereza. Kwa hiyo kuikuta ya namna hii Kilimanjaro si ajabu hata kidogo.

Sasa ichomoe boliti, yaani chuma kinachofunga nyuma ya mtutu, uitazame, baada ya kuhakikisha chemba, pale risasi inapokaa, haina kitu. Mauser za baadaye, kama ile ya 1898, zina meno mawili mbele yanayojifunga kwenye chuma nyuma tu ya chemba, na la tatu la akiba kwa nyuma. Yako haina meno ya mbele. Kinachoizuia boliti isirudi usoni kwako ni ule ubavu mmoja ulioshikana na mkono wa boliti. Ni mlango wenye komeo moja. Kwa baruti nyeusi lilitosha. Ila 308 inaruhusiwa kufika shinikizo la psi (pauni kwa inchi ya mraba) 62,000, wakati 45-70, risasi ya enzi hiyo hiyo ya baruti nyeusi, kikomo chake ni 28,000. Funga mtutu mpya wa chuma bora kabisa, komeo litabaki lile lile la karne ya kumi na tisa.

Na hapa ndipo mafundi wengi wa mtaani wanapotea: shinikizo peke yake halitoshi kukupa picha. Boliti inasukumwa na shinikizo mara eneo la kitako cha ganda, kile kikopo kinachobeba baruti. Ganda jembamba linasukuma kidogo hata kama shinikizo lake ni kubwa kiasi. Ganda nene linasukuma sana. Ndiyo maana bunduki ndogo za Martini za kiwanda cha BSA, zile za kadeti zilizotengenezwa kwa ajili ya Australia kwa risasi ya 310, zimebadilishwa sana kuwa za 22 Hornet, risasi yenye ganda jembamba, na zikadumu. Moja ilipita karakanani kwetu, ya mzee mwenye shamba upande wa Usa River, aliyoitumia kwa nyani na kanga. Mtutu ulikuwa umebadilishwa zamani, lakini tundu la pini ya kufyatulia lilikuwa bado pana la asili, na fataki, vile vifuniko vidogo vya kuwashia baruti kitakoni mwa ganda, zilikuwa zinavimba kuingia humo. Ilibidi tundu lizibwe na kutobolewa upya, dogo, na pini ichongwe nyembamba. Kazi hiyo haionekani kwa nje. Mtu anayekutajia bei ya mtutu bila kugusia pini, mwache.

Kuna kingine: kivuta ganda cha Mauser 71 kilitengenezwa kwa ganda lenye ukingo uliotokeza. La 308 halina ukingo huo. Itabidi kitengenezwe kingine, na usipopima vizuri nafasi kati ya boliti na kitako cha ganda, ganda litapasuka.

Najua atatokea mtu aseme Uruguay walizibadili Mauser 71 zao kuwa za milimita 6.5. Kweli walifanya, kazi ikafanyika Ufaransa, kiwandani. Risasi zake leo utazinunua wapi?

Wengine watakushauri 45-70. Kwa shinikizo ni wazo la mtu anayefikiri, lakini risasi yake ni nene kuliko mtutu wako, kwa hiyo mtutu lazima ubadilishwe tu. Halafu risasi za 45-70 za leo, baadhi zimepakiwa kwa bunduki za zamani na nyingine kwa zile imara za kisasa, na ganda ni lile lile. Siku moja mwanao atanunua boksi lisilo lake.

Kwa gharama ya mtutu, pini, kivuta ganda na kujaribiwa, mimi ningetafuta 308 iliyotumika, nikafuata taratibu za leseni. Kama ndoto yako ni nyati, hata hiyo 308 haitakusaidia, huko ni 375 kwenda juu.

Kubwa kuliko yote, hujasema kama ina karatasi. Chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, bunduki ya marehemu hairithiwi kama migomba. Usiifunge kwenye gunia ukapanda nayo daladala hadi Moshi mjini. Mwone mwenyekiti wa kijiji, mwende wote polisi mikono mitupu, waelezeni ipo wapi na waseme wao ifikishwe vipi. Huyo fundi asiiguse kabla ya hapo, maana bunduki isiyo na kibali iliyokutwa karakanani inawaingiza ndani wote wawili. Na risasi za kijani za kutu ulizozikuta kwenye mkebe, waambieni nazo. Usijaribu hata moja.