Uzamili wa uhasibu wa fedha kwa aliye kazini Tanga: niliyoyakuta darasani

Ndugu mwanzisha uzi, umeuliza kama shahada ya uzamili katika uhasibu wa fedha na utoaji wa taarifa ina jipya lolote kwa mtu aliye na shahada ya kwanza, aliyekwisha kuanza mitihani ya Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, yaani NBAA, na anayeshinda na vitabu vya hesabu ofisini hapa Tanga. Nami nilianzia hapo ulipo. Nilikuwa mhasibu wa shamba la mkonge upande wa Muheza, nikisoma usiku na kusafiri kwenda chuoni mwisho wa juma.

Jipya lipo, lakini si pale nilipolitarajia. Nilidhani tungepewa mizania ngumu zaidi na hesabu ndefu zaidi za kuunganisha kampuni mama na kampuni tanzu. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa ya mikataba ya upangaji kwa mujibu wa IFRS 16, kiwango cha kimataifa cha uhasibu kilichoanza kutumika tarehe 1 Januari 2019 na kumtaka mpangaji aingize karibu mikataba yote kwenye mizania, kama mali na kama deni. Nilipiga hesabu hadi shilingi ya mwisho. Karatasi ilirudi na alama ya aibu na maneno matatu ya mhadhiri: "Hoja iko wapi?" Alitaka nieleze kwa nini kodi ya ghala, ambayo zamani ilikuwa gharama ya mwezi tu, ihesabiwe kuwa deni, ni nani aliyekuwa akipotoshwa ilipokaa nje ya mizania, na kiwango cha riba nilichotumia nilikitoa wapi. Hilo la riba ndilo lililoniumiza, kwa sababu kiwango hicho nilikuwa nimekikuta kwenye swali la mfano nikakinakili.

Kilichoniokoa ni mkonge. Niliamua kwamba kila kiwango tutakachofundishwa nitakipitisha kwenye shamba ninalolijua, na hapo masomo yakaanza kuwa na maana. Chukua IAS 41, kiwango kingine cha kimataifa, cha kilimo. Zamani mmea wote ulipimwa kwa thamani ya haki, yaani bei ambayo ungeuzwa sokoni, ukiondoa gharama za kuuza, na mabadiliko ya thamani yakaingia moja kwa moja kwenye faida au hasara. Marekebisho yaliyotolewa mwaka 2014 na kuanza kutumika tarehe 1 Januari 2016 yaliihamishia IAS 16, kiwango cha majengo, mitambo na vifaa, mimea inayozaa mavuno kwa zaidi ya kipindi kimoja, hivyo inahesabiwa kama mtambo: inarundikiwa gharama hadi ikomae, kisha inaanza kukatwa uchakavu. Mkonge unaingia humo bila ubishi mkubwa. Hata ile milingoti, yaani mashina marefu ya maua, ambayo watu huinunua kwa ujenzi mmea unapofikia mwisho wake haiutoi kwenye kundi hilo, maana kiwango kinaruhusu mauzo ya masalia.

Ugumu unaanzia kwenye makadirio. Tuseme kupanda na kutunza hadi ukataji wa kwanza kumegharimu shilingi milioni 120. Ukikadiria miaka 10 ya kukata, uchakavu ni milioni 12 kwa mwaka. Ukikadiria 8, ni milioni 15. Faida imebadilika kwa milioni tatu, na hakuna jani hata moja lililoongezeka wala kupungua shambani. Bwana shamba anasema hivi, mwenye mali anasema vile, na mkaguzi anataka ushahidi. Majani yaliyo bado kwenye mmea, kwa upande wake, yanabaki IAS 41 na yanatakiwa kupimwa kwa thamani ya haki, ilhali ni nadra kukuta soko la majani yasiyokatwa. Kinachouzwa ni singa, yaani nyuzi za mkonge. Inabidi uanze na bei ya singa kwa daraja lake, urudi nyuma ukitoa gharama za kupiga brashi, kuanika, korona (mtambo wa kutoa singa kwenye jani), usafiri na ukataji, na kila hatua ina kadirio lake la kutetea. Niliandika kurasa 14 juu ya jambo hili moja na sikujuta.

IFRS 9, kiwango kinachohusu mikopo na wadaiwa, haikunisumbua. Mfanyabiashara wa jumla wa Ngamiani, hapa mjini Tanga, anajua tangu siku ya kukopesha kwamba baadhi ya wadaiwa hawatalipa. Kiwango kinadai tu asisubiri watoroke ndipo aandike hasara.

Upande wa utafiti nakuonya mapema. Utasomeshwa kazi ya watafiti wa uhasibu Ball na Brown ya mwaka 1968, iliyoonyesha kuwa faida inayotangazwa inahusiana na bei za hisa, ingawa sehemu kubwa ya habari huwa imeshalifikia soko kabla ya tangazo. Wenzangu kadhaa walitaka kuirudia hapa kwetu wakakwama, kwa kuwa Soko la Hisa la Dar es Salaam lina kampuni chache na baadhi ya hisa hukaa siku nyingi bila kuuzwa, hivyo bei haina la kusema. Ni afadhali usome kwa kina maelezo ya hesabu ya kampuni moja au mbili. Ripoti za mwaka za Tanga Cement, kwa mfano, ziko wazi kwa umma.

Kuhusu kipi kitangulie, mimi ningemaliza mitihani ya NBAA kwanza. Tanzania inatumia viwango vya kimataifa tangu tarehe 1 Julai 2004, kwa hiyo maudhui yanafanana sana, na darasa la uzamili halina subira na mtu anayejifunza kiwango kwa mara ya kwanza. Tena ujiandae na IFRS 18, iliyotolewa Aprili 2024 kuchukua nafasi ya IAS 1, kiwango cha uwasilishaji wa taarifa za fedha, kwa vipindi vinavyoanza tarehe 1 Januari 2027 na kuendelea. Madaftari yangu ya muundo wa taarifa za fedha ni ya IAS 1, hayo niachie mwenyewe. Ya mkonge nitakutumia ukiyahitaji.