Kuuza Vitabu Mbale Wakati wa Mvua

Usiku wa Jumamosi, tarehe 30 Julai 2022, mito ya Nabuyonga na Namatala ilipofurika mjini Mbale, mashariki mwa Uganda, na kuua watu, duka letu liliingiwa na maji ya kufika vifundoni tu. Nasema "tu" kwa sababu wapo majirani waliopoteza nyumba na ndugu, ilhali sisi tulipoteza maboksi tisa ya vitabu vya kiada yaliyokuwa sakafuni. Yaliuma, kwani shule zilikuwa zimefunguliwa tarehe 10 Januari mwaka huohuo baada ya kufungwa kwa karibu miaka miwili, nasi tulikuwa tumekopa ili kujaza rafu upya. Hata hivyo, nikipiga hesabu tangu Mama alipofungua duka hili, mafuriko si yaliyotutia hasara kubwa zaidi. Kilichotula mtaji ni mizigo iliyochelewa na unyevu wa kila siku, na hayo ndiyo ninayotaka kuwaeleza wenye maduka ya kifamilia kama letu.

Tatizo la kwanza ni kalenda. Muhula wa tatu huanza Septemba, na mitihani ya taifa ya darasa la saba, kidato cha nne na kidato cha sita hufanyika kati ya Oktoba na Desemba, kwa hiyo majuma tunayouza zaidi vitabu vya marudio ndiyo yaleyale ya mvua za mwisho wa mwaka. Zamani tuliagiza kidogo kidogo kutoka Kampala kila wiki, tukiogopa kulaza fedha kwenye rafu. Utaratibu huo hufaa wakati wa kiangazi, ambapo boksi lililopakiwa kwenye basi jioni hupita Jinja, Iganga na Tirinyi na kutufikia alfajiri. Oktoba moja mzigo wetu ulisafirishwa juu ya keria bila turubai, ukafika siku mbili baadaye ukichuruzika maji, na karani wa basi akanigeuzia risiti ili nisome nyuma kwamba mizigo husafirishwa kwa dhima ya mwenyewe. Shule iliyoagiza ilikuwa imeshanunua kwingine, na sikuweza kuilaumu, kwa kuwa hakuna mwalimu anayengoja kitabu cha marudio hadi mtihani upite.

Siku hizi vitabu vinavyotoka haraka tunaviagiza vyote mwezi wa Agosti, kila boksi likiwa limefungwa kwa nailoni ndani na nje. Kwa kuwa hatuna fedha za kulipia shehena yote, karibu nusu yake tunaichukua kwa mali kauli na kulipa kadiri tunavyouza. Ukifanya hivyo, andikianeni mapema na mwenye vitabu ni nani atakayebeba hasara ya kitabu kilichovimba, kwa sababu sisi tulidhani kila kisichouzwa kinarudishwa, hadi siku tuliporudishiwa vyetu vyote kwa sababu ya majalada yaliyojikunja.

Unyevu nao hauna kishindo. Kila asubuhi Mama huanza kwa kupitisha kiganja kati ya ukuta na migongo ya vitabu, na akisikia ubaridi wa majimaji, rafu hiyo huondolewa hata kama wateja wanasubiri. Tuliacha nafasi ya vidole vinne kati ya rafu na ukuta, tukaacha kushindilia vitabu, na maboksi yote sasa hukaa juu ya chaga zilizoinuliwa kwa matofali mawili. Kitabu kikilowa, mna takriban siku mbili kabla ya ukungu kuanza. Shemeji yangu aliwahi kupanga vitabu kuzunguka jiko la makaa, gundi ya migongo ikalainika na kurasa zikaanza kuchomoka. Jua kali nalo hupinda majalada. Visimamisheni vikiwa wazi kidogo mahali penye upepo, mkiweka karatasi kavu kati ya kurasa na kuibadilisha kila inapolowa. Atlasi na vitabu vingine vya karatasi inayong'aa vianzeni kwanza, kwani kurasa hizo zikikauka zikiwa zimegandana hazibanduki tena.

Vile vilivyopona vikiwa na madoa tunaviuza kwa bei ya chini, tukimwonyesha mnunuzi doa lenyewe kabla hajatoa fedha. Walimu wa mbali huagiza kwa simu, nasi humpa vitabu mwenye bodaboda tunayemfahamu awapelekee.

Liko pia jambo la aibu kidogo: siku za mvua wateja huwa wachache na ndugu huwa wengi dukani, kila mmoja akiwa na sababu ndogo ya kukopa kutoka kwenye droo. Mama aliweka daftari la pili kwa ajili yetu, na jina lake mwenyewe liko ukurasa wa kwanza, kwa shilingi elfu kumi za sukari.

Mstari wa chaki aliouchora mahali maji yalipofikia mwaka ule bado uko ukutani, na kila unapofifia huupitishia chaki upya.