Kuchora upya ramani kwa skeli nyingine

Wengi hujichosha bure. Wanapima mstari kwenye ramani ya zamani, wanaugeuza kuwa mita za ardhini, kisha wanarudi kuzigawanya kwa skeli mpya. Hesabu mbili kwa kila mstari, na nyumba ya vyumba vitatu tu ina mistari mingi ajabu.

Nachora ramani za nyumba hapa Kampala, na kijana akija kujifunza kwangu naanza naye na kizidishi. Chukua namba ya skeli ya zamani, igawanye kwa ya skeli mpya. Kutoka 1:100, yaani sentimita 1 ya karatasi ni 100 za ardhini, kwenda 1:50 unapata 2. Kutoka 1:50,000, skeli ya zile ramani za Entebbe tulizosomea jiografia, kwenda 1:20,000 ni 2.5. Kutoka 1:50 kwenda 1:200 ni 0.25, na hapa ndipo wanapoteleza: wanaona 200 wanadhani mchoro utakua, kumbe unapungua. Iandike namba hiyo pembeni mwa karatasi, kisha zidisha kila urefu.

Pembe usiziguse. Nyuzi 90 ni 90 kwenye skeli yoyote. Eneo ndilo lenye ukorofi, kwani ukizidisha urefu kwa 2, mchoro unakula karatasi mara 4. Kwa hiyo piga hesabu ya karatasi kabla ya kushika penseli. Ploti yetu ya kawaida ya futi 50 kwa 100 ni mita 15.24 kwa 30.48. Kwa 1:200 inakuwa sentimita 7.62 kwa 15.24, inakaa kwenye A4 na nafasi ya maandishi inabaki. Kwa 1:100 upande mrefu ni sentimita 30.48, na A4 inaishia 29.7. Tafuta A3.

Kama vipimo vimeandikwa kwenye ramani, fuata vilivyoandikwa, rula iache. Nusu milimita kwenye 1:200 ni sentimita 10 ardhini, karibu nusu ya unene wa ukuta wa inchi 9. Ukiikuza ramani hiyo kwenda 1:50, nusu milimita ile inakuwa milimita 2, na sasa kila mtu anaiona. Ndiyo maana kukuza kunanitia wasiwasi kuliko kupunguza. Herufi na unene wa mistari, hata hivyo, havizidishwi, viache visomeke.

“Fundi, si upige tu fotokopi uikuze?” Wateja wananiuliza sana. Inawezekana, mashine ikiwekwa asilimia 200 kutoka 1:100 kwenda 1:50. Lakini ile ya haraka ya A4 kwenda A3 ni asilimia 141, inakuletea karibu 1:71, na rula ya skeli hiyo sijaiona dukani. Ukipenda fotokopi, chora kwanza mstari wa skeli chini ya ramani, wenye mita zake, ukue pamoja na mchoro. Halafu futa ile 1:100 iliyoandikwa, maana imeshakuwa uongo.

Ukimaliza mipaka, pima ulalo wa ploti kabla ya kuingia ndani. Kwa ile ya 50 kwa 100 kwenye 1:200, kona hadi kona ni sentimita 17.04. Rula ikisoma 17.3, usichore ukuta hata mmoja; kuna kona haijakaa sawa.